Kola ya Wiki Kumi na Moja

Tangu akiwa na miaka saba, Tusajigwe alibeba kila kitu kichwani. Maji, kuni, viazi vya mbegu. Siku moja hata mlango wa mbao alioununua sokoni Uyole, akapanda nao mlimani peke yake huku majirani wakipiga kelele kwamba nyumba inatembea. Kwake ni juu ya Uyole, mahali njia ya gari inapokoma na kijia cha miguu kinapoanza. Ukisimama mlangoni unayaona malori ya barabara kuu chini kule, madogo kama viberiti. Kutoka chemchemi hadi jikoni kwake ni robo saa, yote ya kupanda. Katika miaka hamsini ya kupanda hivyo hakuwahi kuifikiria shingo yake. Na nani huifikiria? Tunaikumbuka miguu ikichoka, tumbo likinguruma, macho yakififia. Shingo iko pale katikati, inabeba, haisemi.

Sasa alikuwa Iringa, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya mwanawe Adrian, na shingo ndiyo kitu pekee alichokifikiria. Ilikuwa imefungwa ndani ya kola ya sponji, nyeupe ilipoanza, rangi ya chai ya maziwa sasa. Wiki ya kumi na moja. Aliivaa mchana, aliivaa kitandani, aliivaa kanisani. Mtu akimwita kutoka pembeni, aligeuka mwili mzima pamoja na miguu, kama kabati linalohamishwa. Mjukuu wake Ambokile, mtoto wa miezi mitatu, akilazwa mapajani mwake, hakuweza kumtazama, kidevu hakikushuka. Mkwe wake Damari alilazimika kumwinua mtoto hadi usawa wa macho ya bibi yake, kama mtu anayeonyesha picha ukutani.

Hayo angeyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni Jumamosi. Jumamosi ile Adrian angepanda basi kwenda Uyole kukabidhi ufunguo wa nyumba ya mlimani kwa mpangaji, na shamba la viazi pamoja nayo, kabla mvua hazijaanza. Kijana alikuwa ameshaamua, na hakuamua kwa ubaya.

“Mama, kule maji hayajileti yenyewe,” alimwambia. “Kwa shingo hiyo utayabeba na nini?”

Kule mlimani Tusajigwe alijulikana kwa sauti yake hata na mbwa wa jirani. Hapa Iringa alikuwa mama mgeni mwenye kola.

*

Ajali yenyewe haikuwa kubwa, na hilo ndilo lililowachanganya wote.

Ilikuwa Julai, na baridi. Damari alikuwa amejifungulia kwa wazazi wake Igowole, kule Mufindi, na Adrian akaendesha Noah yake kutoka Iringa hadi Uyole kumchukua mama akamwone mjukuu wake wa kwanza. Tusajigwe alivaa kama anakwenda kubatiza: gauni la kitenge na kilemba cha kitambaa hicho hicho, kirefu, kilichosimama. Alipoingia kwenye gari, ule mto wa kiti unaokaa nyuma ya kichwa ukakisukuma kilemba mbele, kikamfunika macho. Adrian alikuwa nyuma akipanga mikungu ya ndizi na gunia la viazi. Tusajigwe akaushika ule mto, akauvuta, ukachomoka kirahisi kabisa. Akauweka chini ya kiti, akakinyoosha kilemba chake na kutulia.

Walikuwa wameshapita Makambako, ukungu umetanda, Adrian alipopunguza mwendo kwenye tuta. Lori lililowafuata halikupunguza kwa wakati. Halikuja kwa kishindo cha kutisha. Liliwagonga nyuma mara moja, puu, kama mtu anayefunga mlango kwa hasira. Kichwa cha Tusajigwe kikaenda nyuma mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukizuia, kisha kikarudi mbele. Kilemba kikaruka hadi kwenye kioo.

Alishuka mwenyewe. Alisimama barabarani, akajipapasa, hakuona damu. Viazi vilikuwa vimemwagika lami nzima, na yeye akainama akaanza kuviokota huku akimgombeza dereva wa lori aliyesimama akitetemeka kuliko wote.

“Wewe baba, usitetemeke, okota viazi! Mjukuu wangu anavisubiri, hajui kama kuna malori.”

Watu wakacheka. Mtu anayetania barabarani ni mzima. Kila mtu aliamini hivyo, naye pia. Walifika Igowole jioni, vigelegele vikapigwa, akambeba Ambokile, akaimba, akala. Hata maji ya kuoga aliyachota mwenyewe.

Asubuhi hakuweza kuamka. Haikuwa kwamba hakutaka; alikitaka kichwa kinyanyuke kikakataa. Shingo ilikuwa ngumu kama kisiki, maumivu yakishuka hadi kwenye mabega na kupanda hadi nyuma ya macho. Baba yake Damari akatuma mtu haraka kwa mzee Kalinga, muunga mifupa anayejulikana vijiji vyote vile, mzee mfupi mwenye viganja vipana kama majembe. Walitayarisha chumvi ya moto, mafuta na kitambaa. Mzee akaja, akaketi kando ya kitanda, akasikiliza. Hakunyoosha mkono.

“Mkono uliovunjika, lete,” akasema. “Mguu, lete. Kifundo kilichoteguka, hata usiku niamsheni. Shingo ya gari siigusi.”

“Babu, unyooshe kidogo tu,” mama mmoja akasihi.

“Kidogo tu ndiyo iliyompeleka mtu mmoja kaburini, na aliyenyoosha alikuwa mjuzi kuliko mimi. Ng'oeni mlango huo. Mlazeni juu yake, asikunje wala asigeuze, mpelekeni hospitali.”

Mlango ukang'olewa kweli. Tusajigwe, aliyewahi kubeba mlango, akabebwa na mlango. Hospitalini wakampiga picha, daktari akaishika mbele ya taa muda mrefu, akasema haoni mfupa uliovunjika. Wakampa dawa za maumivu na ile kola, muuguzi akaifunga, akamwambia kwa msisitizo: “Usiivue mpaka sisi tutakapokwambia. Urudi baada ya siku kumi.”

Kesho yake Adrian alimhamishia Iringa, kwake, apate kumtunza. Siku ya kumi ilipofika, walikuwa mbali, maumivu yamepungua, na kila mmoja akafikiri mwenzake atasema. Kwa hiyo hakuna aliyemwambia Tusajigwe avue. Naye ni mtu wa kushika neno. Ameambiwa asivue mpaka aambiwe. Basi alisubiri kuambiwa.

Ukisubiri kwa utii hivyo, woga huingia polepole na kukaa pamoja nawe. Mwezi wa kwanza kola ilimpa nafuu. Mwezi wa pili, kila Damari alipoifungua dakika mbili kuiosha, Tusajigwe alihisi kichwa kimekuwa kizito kama mtungi uliojaa, kinataka kudondoka, naye akakishika kwa mikono yote miwili akipiga kelele arudishiwe. Akajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba ndani mle mna kitu kimekatika na ni sponji ile tu inayomzuia kufa.

*

Jirani yao alikuwa Mwanakhamisi, mjane wa mfanyabiashara, familia iliyokuja kutoka pwani enzi za babu zao na kuuza khanga Iringa tangu wakati huo. Jumatatu ya wiki ile ya ufunguo aliingia uani na sahani ya vitumbua, akamkuta Tusajigwe ameketi wima akitazama ukuta.

“Mkuu wa mkoa, hodi,” akasema. “Maana wewe siku hizi huinamii mtu.”

“Karibu, dada. Nikiinama nitakufa, wewe ubaki na vitumbua vyako.”

“Wanyakyusa mlikuwa na maringo toka zamani, sasa mmepata na kifaa cha kuyashikilia.” Akaketi. Akamtazama vizuri, utani ukamtoka usoni. “Hiyo kitu utaivua lini?”

“Nikiambiwa.”

“Na nani?”

Ni swali dogo, lakini wiki kumi na moja hakuna aliyeliuliza. Na nani? Muuguzi yule yuko Mufindi. Hata jina lake Tusajigwe halijui.

“Mtoto wa kaka yangu, Nusrat, yuko hospitali hapa mjini, chumba cha mazoezi ya viungo,” Mwanakhamisi akasema. “Kazi yake ni shingo na viuno vya watu. Kesho asubuhi tunakwenda. Picha yako iko wapi?”

Picha ilikuwa juu ya kabati la Adrian, ndani ya bahasha ya kaki, haijaguswa tangu Julai.

Nusrat alikuwa msichana mwembamba mwenye hijabu ya bluu na sauti ya mwalimu wa chekechea. Alimwamkia shikamoo, akamkalisha, akaanza kuuliza. Mikono inakufa ganzi? Hapana. Vidole vinaachia vitu? Hapana. Anayumba akitembea? Haja ndogo anaizuia vizuri? Tusajigwe akaona aibu akajibu. Kisha akamwambia amkamate vidole ambane kwa nguvu zote.

“Yalaa!” Nusrat akavuta mkono. “Mama, hivi unakamua ng'ombe?”

“Wawili.”

Nusrat akachukua picha, akatoka, akarudi na daktari. Wakaitazama pamoja, daktari akapenyeza kidole chini ya kola na kugonga mifupa ya shingo taratibu, mmoja baada ya mwingine, akiuliza hapa, hapa, hapa. Wakampiga na picha nyingine. Tusajigwe alisubiri kwenye benchi akiwa ameshika mkono wa Mwanakhamisi bila kujua kwamba ameushika. Alikuwa akiiaga nyumba yake: mlango ule, kijia, sufuria zake zilizoning'inia kwa mpangilio anaoujua yeye.

Nusrat akarudi, akavuta kiti karibu, akakaa wakatazamana.

“Mama, mifupa yako ni mizima. Ilikuwa mizima Julai, na leo ni mizima.”

“Sasa kilichokatika ni nini?”

“Hakuna kilichokatika. Sikiliza. Gari lilipogongwa, mwili ulikwenda na kiti, kichwa kikabaki nyuma, halafu kikaja mbele ghafla. Nyama na kano za shingo zikavutika kupita kiasi. Ni kama kifundo cha mguu kikiteguka. Siku ile mwili bado una moto wa ajali, husikii kitu. Kinavimba taratibu, asubuhi ndipo unalia. Wengi wanakuwa hivyo.”

“Mbona sasa nikivua kola kichwa kinataka kuanguka?”

Nusrat akatabasamu, lakini kwa huruma. “Kwa sababu kola imekibeba wiki kumi na moja. Ungefunga mkono wako kwenye kitambaa miezi mitatu, siku ya kuufungua ungeweza kunyanyua ndoo? Kola ilikuwa ya kukulinda wakati hatujui kama kuna mfupa mbaya. Ya siku chache tu. Shingo iliyoteguka inapona kwa kutembezwa, pole pole. Kuifungia kumeifanya idhoofike.”

“Kwa hiyo nimejiumiza mwenyewe.”

“Umefuata ulichoambiwa, mama. Sisi ndio hatukumalizia sentensi.” Akainuka. “Basi mimi nakwambia sasa. Vua.”

Amri ilikuwa imetoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuitoa. Hata hivyo mikono ya Tusajigwe ilikataa, na ikabidi Mwanakhamisi aifungue yeye, *kraaa*, ule utepe unaoshikana. Hewa baridi ikagusa ngozi iliyosahau hewa. Kichwa kikatikisika. Nusrat akaweka viganja vyake pande zote mbili bila kubana, akasubiri, kisha akaviondoa kidogo kidogo, na kichwa kikabaki pale pale kilipo.

“Kinakaa,” Tusajigwe akanong'ona.

“Kinakaa. Tazama kulia. Usilazimishe. Paleee, inatosha. Kushoto. Sasa chini.”

Chini kulichukua muda. Kulikuwa na uchungu, lakini uchungu wa kitu kigumu kinacholainika, si wa kitu kinachopasuka. Kidevu kikashuka inchi, kikasimama, kikashuka nyingine. Akaiona mikono yake mapajani. Akaona kucha zake zimekuwa ndefu. Akaanza kulia, na Mwanakhamisi akasema, “Haya, usituloweshe, ni kucha tu.”

Kabla hawajaondoka Nusrat alimuuliza kazi zake za kila siku ni zipi, na Tusajigwe akamweleza habari ya chemchemi, kijia na ndoo. Msichana akafikiri.

“Una ngata?”

Swali la ajabu kwa mtu wa hospitali. Ndiyo, alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye mfuko wake tangu Uyole, kitenge kikuukuu kilichosokotwa kikawa duara la kuwekea mzigo kichwani. Hakuna mwanamke wa mlimani anayesafiri bila ngata, hata kama haendi kubeba kitu.

“Vizuri. Kila asubuhi taulo la uvuguvugu shingoni, dakika kumi. Halafu kulia, kushoto, chini, juu, mara tano tano, hadi pale panapovuta tu. Wiki ijayo weka ngata kichwani, tupu, utembee uani bila kuishika. Hiyo shingo ilifundishwa na ngata, na ngata itaikumbusha. Wiki inayofuata weka juu yake kitabu chepesi. Unakuja kwangu kila Jumanne nikuone. Ukisikia ganzi, au mkono ukilegea, acha uje siku hiyo hiyo.”

“Na ndoo?”

“Wiki sita tukijaliwa, ndoo ndogo, lita tano. Ile ya ishirini sahau kwa mwaka huu, na mwakani njoo tugombane.”

*

Adrian aliposikia hakufurahi kama walivyotarajia. Kesho yake, Jumatano, aliamka alfajiri akaanza kuosha gari, na mama yake akamkuta pale, shingo wazi, khanga imefungwa mabegani.

“Usimpe mtu ufunguo Jumamosi,” akasema. “Nipe wiki sita. Nikishindwa, nitakaa hapa na sitalalamika.”

“Mama, hapana.” Aliendelea kusugua tairi. “Wewe unataka kujaribu. Mimi nimeshakuona juu ya mlango. Sitaki kukuona tena.”

“Kwani ulinilaza wewe?”

Adrian akasimama. Maji yakamtiririka kwenye viwiko.

“Usiku ule kabla ya safari nilifua vitambaa vya viti,” akasema. “Nilichomoa mito yote. Kiti chako, mto haukuwepo. Polisi aliyekuja kupima ajali ndiye aliyenionyesha. Mingine yote niliirudisha, wako nikausahau. Kila siku nikikuona na hiyo kola, mama, najua ni mimi.”

Tusajigwe alimtazama mwanawe. Miezi mitatu wameishi nyumba moja, wakipishana mlangoni, kila mmoja amebeba mzigo wake bila ngata.

“Hukuusahau,” akasema. “Niliuchomoa mimi.”

“Mama, usinifariji.”

“Ulikuwa nyuma na ndizi. Mto ulikuwa unakisukuma kilemba changu. Nikauvuta, nikautia chini ya kiti. Sikusema kwa sababu niliona haya. Mtu mzima, nimevunjika shingo kwa ajili ya kilemba!”

Adrian akakaa chini, kwenye maji yale yale ya kuoshea gari, akafunika uso kwa mikono. Mabega yakamtikisika, na Tusajigwe hakujua kama analia au anacheka mpaka sauti ilipotoka.

“Kilemba!” akasema. “Mama! Kilemba!”

“Kilikuwa kizuri,” mama akasema. “Uliza watu wote.”

Jumamosi hakuna aliyepanda basi.

*

Wiki sita si muda wa kusimulia. Kulikuwa na siku nzuri na siku ambazo shingo ilikasirika bila sababu, hasa penye upepo wa baridi. Siku moja alihisi amerudi mwanzo kabisa, akaitafuta kola, akakuta Damari ameikata vipande na kujaza mto wa mtoto. Alitembea uani na ngata tupu, kisha na kitabu cha nyimbo za kanisani, kisha na sahani ya vitumbua ya Mwanakhamisi, ambaye alipiga kelele kwamba sahani ile ni ya harusi yake. Ambokile alilazwa mapajani, bibi akainamisha kichwa, wakatazamana hadi mmoja wao akasinzia, na mara nyingi hakuwa mtoto.

Mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshalowesha udongo, Adrian alimrudisha Uyole. Mto wa kiti ulikuwa mahali pake, na Tusajigwe alivaa kitambaa chepesi tu kichwani. Waliacha gari njia inapokoma. Nyumbani walikuta vumbi, buibui, na sufuria katika mpangilio wake. Hapakuwa na maji.

Wakashuka chemchemini wote wawili. Tusajigwe alijaza ndoo yake ya lita tano, akaweka ngata, akaipandisha. Alisimama kidogo. Uzito ukashuka kutoka utosini hadi shingoni, kutoka shingoni hadi mgongoni, ukapita kila mahali ukiuliza, na kila mahali pakajibu. Akaanza kupanda.

Adrian alikuwa ameng'ang'ania ndoo kubwa, ile ya ishirini, naye akaitia kichwani kama alivyoona wanawake wakifanya maisha yake yote. Hakujua kwamba kuona si kubeba. Hatua ya kumi maji yalikuwa yameshamlowesha hadi kiunoni, anaishika ndoo kwa mikono miwili, anatembea amekunja magoti.

“Mama! Ngoja!”

Aliita kutoka nyuma, upande wa kushoto. Tusajigwe hakusimama kupanga miguu. Alikigeuza kichwa tu, ndoo juu yake, akamtazama mwanawe juu ya bega, hakuna tone lililomwagika. Hata hakutambua alichokifanya mpaka alipoona uso wa Adrian umebadilika.

“Nini?” akauliza.

“Hakuna, mama. Panda.”

“Basi nyoosha shingo, mwanangu. Unabeba kama mtu aliyepata ajali.”

Akageuka mbele tena, akaendelea na kijia, na mlima mzima ukasikia anavyocheka.